Nani alitaja jina? Ketamini, hipnosi na maneno ya kando ya kitanda



Niseme mapema: mimi ni muagronomu, siko muganga. Lisansi yangu ni ya udongo, mbegu na magonjwa ya viazi. Kama kuna mtu wa medesini anasoma hapa, aongeze pale nimepunguza. Lakini kuna jambo lilitupata kwetu Kibabi, na mimi mwenyewe nilikuwa na mkono ndani. Tangu ile siku nilianza kutafuta na kusoma, usiku, kwa simu, wakati mtandao unakubali. Nilichopata kinatuhusu wote, juu kila mmoja wetu siku moja atakaa kando ya kitanda cha ndugu anayeamka kutoka operasio.

ILE ASUBUHI

Ilikuwa msimu B, maharage yanatoa maua. Furaha (haiko jina lake la kweli), mtoto wa baba yangu mkubwa, alishikwa na uchungu wa kuzaa jioni, na katikati ya usiku mtoto alikuwa bado. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Barabara ilikuwa matope tupu, hakuna moto ingeweza kupanda ule mlima. Vijana wakakata miti miwili, wakafunga blanketi, ikawa kipoyi. Tulitembea karibu saa nne.

Tulipofika, muganga alimuangalia na kusema lazima apasuliwe sasa hivi. Oksijeni haikuwepo. Kulikuwa na taa ya nguvu za jua, muuguzi mmoja anayejua kazi ya kulaza wagonjwa, na ketamini. Alfajiri tukasikia mtoto analia. Mama mkubwa akapiga magoti pale pale kwenye sementi akamshukuru Mungu.

Kisha wakaturuhusu kuingia. Furaha alikuwa na macho wazi lakini hakuwa anaangalia mtu. Macho yenyewe yalikuwa yanacheza, huku na huku. Akaanza kusema polepole, kama mtu anayeongea toka mbali. Yuko juu. Anaona mabati ya nyumba chini. Kuna mwanga. Kisha akasema: "Kuna mutu ananishika miguu."

Mama mkubwa akaruka: "Nani?"

Kimya.

"Ni mwanamuke?"

"Eeeh."

"Ni muzee?"

"Eeeh."

Na hapo mimi, mwenye lisansi, nikafungua kinywa. Nikauliza: "Ni Tate wa pale chini kwa mto?"

Akakaa kidogo. Akasema: "Eeeh. Tate."

Niwaambie pia kitu ambacho sikukisema siku ile. Yule Tate ni mjane anayeishi peke yake, na familia yetu ilikuwa na maneno naye juu ya mpaka wa shamba. Jina lake halikutoka hewani. Lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu.

Saa nne asubuhi mlima mzima ulikuwa unajua: Furaha amemuona mlozi wake, amemtaja mwenyewe, na alikuwa kwenye mlango wa kifo, kwa hiyo hawezi kusema uongo. Munajua vile mambo haya yanaenda kwetu. Mtu akishaitwa mlozi, hakuna anayemuuliza tena swali.

KETAMINI NI NINI?

Ketamini ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, kwa ajili ya kampuni Parke-Davis ya Marekani. Walikuwa wanatafuta dawa ya kuchukua nafasi ya nyingine iliyoitwa fensiklidini. Ile ya kwanza iliondoa maumivu vizuri, lakini iliwaacha wagonjwa wamevurugika akili kwa muda mrefu. Mwaka 1964 madaktari Edward Domino na Guenter Corssen waliijaribu ketamini kwa binadamu mara ya kwanza, kwa wafungwa wa jela moja huko Michigan. Wale watu walieleza mambo ya ajabu: wanaelea, hawasikii mikono wala miguu yao. Domino alikosa neno la kuiita ile hali. Mke wake ndiye alimsaidia: mgonjwa ametengwa, mwili uko huku, akili iko kule. Ndiyo maana ketamini na ndugu zake zinaitwa dawa za kutenga.

Mwaka 1970 Marekani iliiruhusu rasmi, ikatumiwa kwa askari walioumia Vietnam. Tangu 1985 iko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima.

Kwa nini inapendwa sana huku kwetu? Dawa nyingi za kulaza mgonjwa zinapunguza pumzi na kushusha shinikizo la damu, kwa hiyo zinataka mashine, oksijeni na umeme usiokatika. Ketamini, ikitolewa na mtu anayeijua, kwa kawaida inamuacha mgonjwa apumue mwenyewe, na shinikizo la damu halianguki haraka. Fikiria kituo cha ndani kabisa Walikale, siku mbili za njia ya msitu. Bila hii dawa, mwanamke aliyekwama kuzaa au kijana mwenye risasi mguuni atapasuliwa akiwa anasikia yote, au hatapasuliwa kabisa. Miaka ya 2014 na 2015 China iliomba ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, juu kuna watu wanaitumia kwa kujifurahisha na inawaharibu, hasa kibofu cha mkojo. Wataalamu wa OMS walishauri isifanywe hivyo. Sababu yao ni hiyo hiyo ya Walikale: operasio zingesimama katika nchi maskini.

Sasa, inafanyaje kazi? Ndani ya ubongo kuna vipokezi vinavyoitwa NMDA, ambavyo seli za neva zinavitumia kupokeana habari. Ketamini inaviziba. Habari za mwili haziungani tena vizuri na mtu mwenyewe. Maumivu yanabaki nje. Lakini ubongo haulali kama usingizi wa kawaida, unaendelea kutengeneza picha kwa vipande ulivyo navyo. Ndiyo sababu macho yanaweza kubaki wazi.

Wakati wa kuamka, vile vipande vinaweza kutoka kama ndoto, kuelea, kuona watu, kulia au kuogopa. Maelezo rasmi ya hii dawa Marekani yanasema jambo hilo linatokea kwa karibu watu 12 katika 100, na ni kidogo zaidi kwa watoto na wazee. Na yanaongeza ushauri mmoja ambao nilipousoma nilifunga simu nikakaa kimya: uwezekano unapungua kama mgonjwa haongeleshwi sana wala kuguswa-guswa wakati anaamka.

Sisi tulikuwa watu watano kwenye kitanda, wote tunauliza.

NA HIPNOSI JE?

Hapa watu wengi wanafikiri filamu: mtu anazungusha saa mbele ya macho yako, na wewe unakuwa mtumwa wake. Haiko hivyo. Neno lenyewe lilienezwa na James Braid, mpasuaji wa Uskoti aliyefanya kazi Manchester, katika kitabu chake cha 1843. Alikuwa ameona maonyesho ya watu waliodai kuwa na nguvu ya ajabu inayotoka mikononi mwao. Yeye akasema hapana, hakuna kitu kinachotoka kwa mwenye kulaza. Kazi inafanyika ndani ya yule anayelazwa.

Hipnosi ni hali ambapo mtu anakusanya mawazo yake yote kwa sauti moja, na maneno anayoambiwa anayafuata bila kujisikia kwamba anajilazimisha. Maneno yale tuyaite mapendekezo. Unaambiwa: mkono wako unakuwa mzito. Na kweli unausikia unashuka wenyewe.

Mwaka 1959, kwenye chuo kikuu cha Stanford, André Weitzenhoffer na Ernest Hilgard walitengeneza kipimo. Kina majaribio 12: mkono mzito, vidole visivyoachana, nzi asiyekuwepo anayelia karibu na wewe, na mengine. Unapata alama kati ya 0 na 12. Watu wachache wanapata nyingi sana, wachache karibu sifuri, wengi wetu tuko katikati. Haiko alama ya ujinga wala ya imani dogo. Na inakaa: watu waliopimwa Stanford wakapimwa tena baada ya miaka 25, wengi wao walibaki karibu pale pale. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1989.

Na inatumika kwa wema. Ubelgiji, kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Liège, daktari Marie-Elisabeth Faymonville alianza mwaka 1992 kuunganisha hipnosi na dawa kidogo za kutuliza. Wagonjwa wengi sana wamepasuliwa tezi ya shingoni kwa njia hiyo bila kulazwa kabisa. Sauti tulivu ya mtu mmoja, maneno yaliyochaguliwa, na mgonjwa aliyekubali.

Shikeni hilo neno: aliyekubali.

DAWA INAWEZA KUONGEZA?

Hapa ndipo swali langu lilikuwa. Kama alama ya mtu haibadiliki sana kwa miaka 25, je, dawa ya kutenga inaweza kuipandisha kwa saa moja?

Sisi waagronomu tunajua vile swali kama hili linajibiwa. Ukiweka mbolea kwenye shamba moja na mavuno yakapanda, hujajua kitu. Labda ni mvua. Lazima uwe na kiwanja cha kulinganisha, udongo ule ule, mbegu ile ile, bila mbolea. Na mwenye kupima mavuno heri asijue kiwanja kipi ni kipi, juu macho yanaona kile moyo unataka.

Jaribio la namna hiyo lilifanyika Uingereza. Matthew Whalley na Gary Brooks, mwaka 2009, walitumia ile gesi watu wanaiita gesi ya kuchekesha, kwa kemia protoksidi ya azoti. Inatumika kwa meno na kwa kuzaa, na yenyewe pia inagusa vile vipokezi vya NMDA, kwa hiyo ni ndugu ya ketamini. Watu 30 walivuta gesi mara moja, na mara nyingine hewa na oksijeni tu. Hiyo ya pili ndiyo kiwanja cha kulinganisha. Kila mara walipewa mapendekezo na kuulizwa wafikirie picha kichwani. Na gesi, walifuata mapendekezo zaidi, na picha zikawa wazi zaidi. Mwaka 2015 watafiti wengine, na Robin Carhart-Harris ndani yao, walitoa matokeo yanayofanana kwa LSD, dawa ya aina nyingine, kwa watu 10.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Lakini soma vizuri ile ndiyo. Ongezeko la gesi lilikuwa dogo. Halikumgeuza mtu wa alama 2 kuwa wa alama 12. Hakuna aliyekuwa sanamu ya kuendeshwa. Na wote walijua wako kwenye jaribio, walikubali, wangeweza kuondoka.

Kitu kikubwa kwangu ni hiki: gesi yenyewe haikusema kitu. Haikuwa na habari ya mkono mzito wala ya nzi. Habari ilitoka kwa mtu aliyekuwa anaongea. Dawa ilifanya kazi ya jembe, ililainisha udongo. Mbegu ilitoka mkononi mwa binadamu.

Na maneno ya kabla ya sindano nayo yanahesabika. Mwaka 1981 Sklar, Zukin na Reilly waliandika katika jarida la waganga wa kulaza wagonjwa kwamba shida za kuamka kutoka ketamini zinaweza kuondolewa kwa kumtayarisha mgonjwa kwa mazungumzo, bila kuongeza dawa nyingine. Mtu anayejua kwamba ataelea, na kwamba kuelea haiko kufa, anaamka tofauti na mtu aliyebebwa usiku kwa kipoyi huku watu wanamlilia kama maiti.

YULE MTU ALIYELETA SUMU KINSHASA

Najua mtu ataniuliza: na wale wezi wa Goma wenye "dawa ya utii"? Unapuliziwa usoni, unatoa pesa yote, unatoa na namba ya siri ya simu?

Dawa za kulevya zinazowekwa kwenye kinywaji ziko kweli. Zinamfanya mtu asinzie, alegee, asahau, na mwizi anachukua. Usipokee kinywaji kwa mtu usiyemjua, hilo halina mjadala. Lakini dawa inayomfanya mtu mwenye akili timamu atii kila amri kama roboti, hiyo ilitafutwa na watu wenye pesa nyingi kuliko mwizi yeyote wa Birere.

Mwezi wa 4 mwaka 1953, mkuu wa CIA, Allen Dulles, aliruhusu mradi wa siri ulioitwa MKULTRA. Aliyeuongoza alikuwa mkemia, Sidney Gottlieb. Walijaribu LSD, dawa za usingizi, hipnosi, na hivi vyote pamoja, mara nyingi kwa watu wasiojua: wafungwa, wagonjwa, hata wafanyakazi wenzao. Swali lilikuwa moja: tunaweza kutia amri ndani ya mtu, aifanye, kisha asahau? Mwezi wa 11 mwaka ule ule mwanasayansi wao mmoja, Frank Olson, aliyenyweshwa LSD bila kuambiwa, alianguka toka dirisha la hoteli New York akafa.

Na nyie mnamjua Gottlieb, hata kama jina ni geni. Mwezi wa 9 mwaka 1960 ndiye alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, na sumu ya kumuua Patrice Lumumba. Alimkabidhi Larry Devlin, mkuu wa CIA pale. Sumu haikutumika. Devlin aliandika baadaye kwamba aliitupa kwenye mto Kongo. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 huko Katanga, kwa risasi.

Angalia basi. Mtu yule yule aliyekuwa na maabara, pesa na ruhusa ya kutafuta dawa ya kumgeuza mtu awe chombo, alipotaka mtu afe huku kwetu alibeba sumu. Mwaka 1973 makaratasi mengi ya MKULTRA yaliharibiwa kwa amri ya mkuu wa CIA, Richard Helms. Yaliyobaki yalifika mbele ya Seneti ya Marekani mwaka 1977. Miaka yote ile, dawa ya utii haikupatikana. Walichopata ni watu walioharibika.

Na sisi wa Masisi na Walikale hatuhitaji maabara ili kujua nguvu ya neno. Tumeona vijana wakinyunyiziwa maji ya dawa ya Mai-Mai, wakipewa masharti, wakaenda mbele ya risasi. Akirudi mzima, dawa ni kali. Akifa, watasema alivunja sharti. Kemia hapo haina kazi kubwa. Kuna mkubwa anayeheshimiwa, kuna wenzako wanaokuangalia, kuna woga, na kuna kitu ulichoambiwa utarajie.

TULIYOMFANYIA FURAHA

Sasa rudi kwenye kile kitanda. Udongo ulikuwa umelainishwa na ketamini. Mgonjwa alikuwa amechoka, ametoka damu. Aliyemuuliza kwanza ni mama yake, wa pili ni kaka yake aliyesoma. Ni nani kwetu anamwambia mama yake "hapana"?

Na angalieni maswali. Hakuna hata moja lililomuacha aeleze. Yote yalikuwa na jibu ndani: mwanamke? mzee? Tate? Kila "eeeh" ilipunguza njia moja, mpaka ikabaki njia ya kwenda kwa yule mama. Kitu Furaha alisema mwenyewe ni maneno machache tu: kuna mtu ananishika miguu. Mengine yote ni sisi.

Saa nane mchana yule muuguzi aliyemlaza akasikia habari nje, vijana wanapanga kwenda. Akaniita pembeni. Alikuwa amekasirika lakini alisema polepole: "Ndugu, wewe umesoma. Kwa ile dawa, mimi hapa ningemuuliza kama ni wewe ulimushika miguu, pengine angesema eeeh. Kuja." Akatuingiza wawili tu, mimi na mama mkubwa. Furaha alikuwa ameamka kabisa, anamnyonyesha mtoto. Muuguzi akamuuliza swali moja: "Unakumbuka nini ya usiku?" Kisha akanyamaza.

Furaha akasema anakumbuka mvua. Anakumbuka kipoyi kinateleza. Kisha akageuka kwa mama yake: "Na Tate yuko wapi? Ni yeye alinishika miguu pale kwa mto, nilitaka kuanguka. Hajakuja kuona mutoto?"

Ilikuwa kweli. Pale kwenye mto Tate alitoka usiku ule na taa, akashika blanketi upande wa miguu mpaka tukavuka. Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu. Asubuhi sikukumbuka, juu nilikuwa tayari na hadithi nyingine.

Nilikimbia. Wengine walikuwa wamenitangulia. Tate hakupigwa, alikuwa ameambiwa na mjukuu wake akaondoka kwenda Sake. Lakini jikoni yake ilikuwa imeangushwa, na maharage yake yameng'olewa na maua yake, mistari yote, mpaka kwenye ule mpaka tuliokuwa tunagombania.

Wiki tatu baadaye nilimfuata Sake. Nilieleza yote, na ketamini, na yale maswali matatu, na kwamba la tatu lilikuwa langu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza: "Ile dawa ilitaja jina langu?"

Nikajibu: "Hapana, Tate. Ni mimi."

Akasema: "Basi hiyo dawa haina kosa." Na akauliza kama mtoto ananyonya.

Alirudi msimu uliofuata. Mbegu ya maharage nilimpelekea mimi, na mpaka wa shamba tuliupima upya mbele ya watu. Kuna nyumba mbili mpaka leo hazimsalimii.

TUFANYE NINI BASI?

Mambo machache, na hayahitaji pesa.

Moja. Kabla ya operasio, muulizeni muuguzi ni dawa gani atatumia. Kama ni ketamini, mwambieni mgonjwa kwa utulivu: unaweza kujisikia unaelea, unaweza kuona vitu, itapita, tuko hapa. Mkumbusheni mahali anapopapenda.

Mbili. Wakati anaamka, abaki mtu mmoja, wa sauti ya chini. Asihojiwe. Akiogopa, aambiwe jina lake, mahali alipo, na kwamba kazi imekwisha. Shida yoyote ya pumzi, rangi au kutapika, muiteni muuguzi mara moja, hiyo haiko ndoto.

Tatu. Anachosema katika ile saa haiko ushahidi. Haiko unabii, wala uongo pia. Ni vipande. Kama kuna jambo linahitaji kuulizwa, ngojeni aamke kabisa, na muulizeni swali lisilo na jibu ndani: unakumbuka nini? Halafu nyamazeni.

Nne. Mtu yeyote, awe mchungaji, mganga wa kienyeji au rafiki wa mtandaoni, anayetaka kukupa dawa ili "akufungue" na kukuongoza kwa maneno wakati umelewa, mkatae. Ketamini nje ya mkono wa anayeijua inaua, na hipnosi ya kweli inaanza na ruhusa yako ukiwa na akili zako.

Tano, na hii ni kwetu wenye diploma. Kijijini swali letu lina uzito kuliko la wengine. Mama mkubwa aliuliza mara mbili na hakuna aliyekimbia barabarani. Nilipouliza mimi, ikawa habari ya kweli, juu "hata yule mwenye lisansi alisikia."

Nilisikia, ndiyo. Nilisikia jina nililolitia mwenyewe.

Mwenye swali aulize, na wauguzi mulio kazini mutusahihishe.